Pesa za Njia Panda

Pesa ya kwanza niliyookota pale njia panda ilikuwa thumni, nusu ya shilingi, na niliikanyaga kabla sijaiona. Nilikuwa nimevua ndara nikung'ute mchanga, nikahisi kitu baridi chini ya unyayo. Nikadhani ni kifuniko cha soda. Nilipoinama nikamwona simba wa Mwingereza ananitazama, na moyo ukaniruka kama wa mtoto aliyepewa mkono wa Idi kabla ya siku yake. Nikaangalia nyuma, nikaangalia mbele: hapana mtu. Nikaifumbata, nikaendelea na safari yangu ya kivukoni, na njia nzima nikawa nachekacheka peke yangu ndani ya buibui.

Thumni haikuwa mali. Miaka ile michache kabla ya uhuru ilinunua mkate na sukari ya kufungwa kwa karatasi, basi. Lakini thumni ya kuokota si sawa na thumni ya jasho. Pesa ya kazi huja na uso wa tajiri aliyekupa huku amekunja midomo. Pesa ya kupewa huja na jicho la mpaji, nalo hukufuata mpaka jikoni. Ya kuokota haina uso wa mtu. Hakuna wa kumshukuru wala wa kumwogopa. Ndivyo nilivyoamini, na nilikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na ushei, si mtoto wa kusamehewa ujinga.

Nilikuwa nimerudi kwa mama, mtaa wa Shika Adabu huko Likoni, na talaka yangu mkononi. Mume aliniacha kwa kuwa sikuzaa, nami sikumlilia sana. Nilichokililia ni kabati langu alilobaki nalo. Baba alikuwa ameshafariki. Tulibaki wanawake wawili katika nyumba ya makuti yaliyochakaa, na mvua ikinyesha tulikuwa tukihamisha kitanda kama watu wanaocheza bao. Mama alishona kofia za vito, zile za kudariziwa kwa mkono, na zaidi ya kushona alifua kofia za watu. Tulizifua, tukazitia wanga, tukazikausha juu ya vyungu vilivyofudikizwa ili zishike umbo, kisha Alhamisi alfajiri mimi nikazichukua kapuni, nikavuka feri, nikazipeleka kwenye duka moja mjini ili wenyewe wazivae Ijumaa. Hiyo ndiyo iliyokuwa riziki yetu.

Njia ya kutoka kwetu kwenda kivukoni ilikuwa ya mchanga mtupu, na katikati ya safari ilikutana na njia itokayo Mtongwe. Pale pembeni palikuwa na jiwe la matumbawe, na tangu utotoni nilikuwa na ada ya kukaa juu yake nikung'ute miguu. Mchanga ndarani hunikera kuliko kisirani cha mtu. Mjomba wangu alikuwa akinicheka kwa hilo nilipokuwa mdogo, akisema nitakwenda ahera nimechelewa kwa sababu ya kukung'uta mchanga.

Huyu mjomba ndiye mwenye habari yenyewe. Alikuwa ndugu wa pekee wa mama, baba mmoja mama mmoja, na kazi yake ilikuwa kwenye feri hiyohiyo niliyovukia, kufunga na kufungua kamba. Mama alimzidi kwa miaka mingi. Mama yao alipokufa, ni mama yangu aliyembeba mgongoni, akamwogesha, akamsomesha. Kisha wakaja kugombana kwa minazi.

Babu aliwaachia shamba la minazi upande wa Mtongwe, fungu lake na fungu lake. Baba yangu alipofariki mama akakaa eda kama ilivyo sheria, miezi minne na siku kumi, hatoki mlangoni. Siku hizo mitaani maneno yalikuwa mengi: Mwingereza anaondoka, serikali mpya ikija shamba lisilo na hati litachukuliwa. Mjomba akaogopa. Akaliuza shamba zima, fungu lake na la mama, akazitia pesa katika lori la mtu mmoja wa Miritini waliyeshirikiana. Mtu yule na lori lake hawakuonekana tena. Mama alitoka edani akakuta hana mume wala mnazi.

Hasara ya minazi angeliimeza. Alichoshindwa kukimeza ni wakati wake. "Yuwajua nimefungika ndani kwa amri ya Mngu," akasema, "akaona hiyo ndiyo nafasi." Akaweka mkono juu ya msahafu mbele ya majirani akaapa kwamba kitu cha ndugu yake hakitaingia nyumbani mwake, wala neno lake halitamwendea. Majirani wakakumbuka kuwa ndugu wakigombana ni kuchukua jembe ukalime, wakaenda zao kulima. Sijawahi kuupenda ule msemo tangu siku hiyo. Watu huutumia wakitaka kukimbia.

Kwetu, mtu hafi vizuri bila radhi ya aliyemlea. Mjomba hakuwa na mama mwingine wa kumpa radhi ila dada yake, na alilijua hilo kuliko alivyojua Fatiha. Ramadhani moja akatuma gunia la mchele. Mama akaliburura mwenyewe mpaka nje ya ua, mbuzi wa mtaa mzima wakafuturu. Nikamwambia mama huo ni ukatili, na njaa tunayo. Akanitazama kwa jicho kali.

"Aliyekosa hutuma mtu mzima," akasema. "Hatumi gunia. Mchele haujui kuomba radhi."

Ndipo nilipojua alichokuwa akikingoja. Mama hakutaka mchele wala minazi. Alitaka mzee mmoja, yeyote yule, aje abishe hodi, akae mkekani, aseme: nimetumwa na ndugu yako, amekosa. Kama angekuja, mlango ungefunguliwa. Lakini hakuna aliyekuja, na mama hakuwa mtu wa kwenda kumwambia mwenzake, "Nakungoja."

Mimi sikuapa. Kila Alhamisi nikimkuta mjomba kwenye feri nilimwamkia, "Shikamoo, mjomba," naye akaitikia, "Marahaba mwanangu. Mamako hajambo?" Nikasema hajambo. Mazungumzo yetu yalikuwa hayo tu, maana watu walikuwa wengi na yeye alikuwa kazini. Lakini tangu siku ile ya thumni akaongeza swali moja. "Ndia njema leo?" Nikamjibu, "Njema, mjomba," na kwa kuwa thumni ilikuwa mkononi ikinitekenya, nikacheka. Naye akacheka. Alikuwa na pengo la jino la mbele, na akicheka alionekana kijana.

Wiki chache baadaye nikaokota shilingi nzima, kando ya jiwe lile. Baadaye tena, peni zenye tundu zilizotungwa kwenye uzi. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nilijiambia kwamba mtoto wa chuo cha Kurani amezitunga zisimpotee, na zikampotea vivyo hivyo. Nikamwonea huruma nusu saa, nikazitumia. Nilinunua sabuni ya kunukia. Nilinunua kitana. Siku moja nilinunua halwa, nikamwambia mama kwamba mwenye duka ameniongeza kidogo kwenye ujira, na mama akala ile halwa polepole, akilamba vidole, akasema kumbe dunia bado ina watu. Nilimwangalia akila nikaona raha ya pili, kubwa kuliko ya kwanza.

Nataka niiseme raha ile kama ilivyokuwa, maana baadaye iliharibiwa. Haikuwa kila wiki. Ingekuwa kila wiki ingekuwa mshahara. Alhamisi nyingi nilikaa juu ya jiwe nikakung'uta miguu na kukuta majani makavu na mavi ya mbuzi, basi. Hata hizo Alhamisi zilikuwa na utamu wake, kwa sababu nililala Jumatano nikiwa na kitu cha kutarajia. Mwanamke aliyeachwa, aliyerudi kwao kufua kofia za wanaume asiowajua, huwa hana vingi vya kutarajia. Nilianza kuamini kwamba kuna kitu duniani kinachonipenda.

Kisha ikaja ile noti.

Ilikuwa noti ya shilingi kumi, imekunjwa mara nne, nayo ilikuwa chini ya jiwe dogo leupe, na hilo jiwe dogo lilikuwa limewekwa mbele ya jiwe langu pale pale nilipozoea kuweka miguu. Nikaikunjua. Shilingi kumi zilikuwa makuti mapya ya upande mzima wa nyumba. Siku hiyo kwenye feri mjomba aliponiuliza kama njia ilikuwa njema niliitikia kwa kichwa tu. Ningefungua mdomo ningelia. Akanigusa bega kidogo, jambo ambalo hakuwa na desturi yake, akaenda kwenye kamba zake.

Noti ya shilingi kumi haifichiki kama thumni. Jioni nikampa mama. Sikutaka kudanganya tena, na zaidi nilitaka kuiona furaha yake.

Akaigeuza, akaitazama kwa karibu kwa ajili ya macho yake mabovu. "Umeipata wapi?"

"Nimeiokota, mama."

"Wapi?"

"Pale ndia panda."

Uso wake ukabadilika. Akaiweka noti chini kama mtu aliyeshika kaa la moto. "Ilikuwa imelala vipi?"

"Ilikuwa imefinikwa kwa kijiwe."

"Pesa ilodondoka haijifiniki jiwe," akasema mama.

Asiyekulia kwetu huenda asijue. Mtu akiwa na maradhi yasiyopona, au nuksi inayomwandama, huzungushiwa pesa kichwani, ikasomewa, kisha ikapelekwa njia panda ikaachwa. Atakayeiokota ndiye ataondoka na maradhi. Hiyo ndiyo kafara, na kila mtoto wa pwani huambiwa kabla hajajua kutembea: cha njia panda usikiguse. Nami niliambiwa. Lakini mtu akikanyaga thumni haulizi yuko njia gani.

Mama alinihoji mpaka nikatoa yote. Thumni, shilingi, peni za kwenye uzi. Aliposikia uzi akapiga kite. Akanivua kitana kichwani, akaitwaa sabuni. Aliposikia habari ya halwa akaenda uani, nikamsikia akisukutua mdomo kwa maji ya chumvi, akisukutua na kutema, akisukutua na kutema. Aliporudi alikuwa ameshapata jibu la kila kitu. Kuna mtu ananitupia shari kwa makusudi, mimi na si mwingine, ndiyo sababu ya pesa kuwekwa pale pale nikaapo. Ndiyo sababu nimeachwa, ndiyo sababu sizai.

"Mama, niliachwa kabla sijaokota."

"Shari haingoji zamu," akasema.

Ningebishana zaidi kama mwenyewe nisingekuwa nimeingiwa na hofu. Raha yangu yote ilikuwa imegeuka ikawa mkono wa adui. Usiku ule nilijipapasa mwili mzima nikitafuta maradhi, na mtu akiyatafuta hayakosi. Nikapata uvimbe nyuma ya goti uliokuwa pale tangu nizaliwe.

Shari ya namna ile haizikwi wala haitolewi sadaka, kwa kuwa utamtwisha mwingine. Hutupwa baharini, kweupe, kwa mkono wa mzazi. Alhamisi iliyofuata mama akajitanda buibui lake, akafunga noti na vile vitu katika kipande cha leso, akanifuata kivukoni. Ilikuwa miaka hajavuka. Alijua nani atamkuta kwenye feri, lakini hofu ya mtoto ilimzidi nguvu.

Feri ilijaa makuli wa bandarini, mafundi wa bara na masanduku yao ya vyombo, na wachuuzi waliobeba mboga. Mjomba alikuwa amesimama penye mnyororo, kamba mkononi. Alipomwona dada yake aliacha mdomo wazi. Nikamwamkia, hakuniitikia, maana hakuniona. Nilimtazama usoni nikaona kitu ambacho sikukielewa wakati ule. Alikuwa anatumaini.

Mama hakumgeukia. Akapita mpaka penye mnyororo, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa wazi, akasimama hatua chache tu kutoka kwake. Tulipofika katikati ya maji akaifungua leso mbele ya watu, maana shari hairudishwi kwa kificho. Akasema kwa sauti ya kusikika:

"Chako nakurudishia. Sikukitaka, sikukiomba. Usinijie tena, wala mwanangu usimjie."

Akatupa. Sabuni na kitana vilizama mara moja. Noti haikuzama. Ilielea ikijikunjua kwenye povu, ikazunguka, na feri nzima ikaiona ni ya shilingi ngapi. Kuli mmoja akapiga kelele kwamba bibi huyu ana wazimu, anatupa kumi nzima, na watu wakacheka. Mjomba hakucheka. Alikuwa akiitazama noti ile mpaka ilipolowa ikapotea. Tulipofika ng'ambo akaifunga kamba, akaifungua, akaifunga tena, na mwenzake akamuuliza kama anaumwa.

Mimi nilikuwa na hasira na mama kwa kutuaibisha, na nilidhani mjomba naye ameona aibu kwa sababu hiyohiyo.

Baada ya siku ile sikuokota kitu tena. "Waona?" mama akaniambia. "Imekwenda na maji." Nilipita njia panda bila kukaa, mchanga ndarani na kero yake, macho juu. Na kwenye feri mjomba aliitikia shikamoo yangu vizuri tu, lakini hakuuliza tena kama mama hajambo. Hilo lilinichoma. Nilisema moyoni, basi naye amechoka, moyo wake umekufa.

Mwaka uliofuata akapotea kwenye feri. Mwenzake akaniambia yuko kitandani, kifua kimembana, hospitali wamemrudisha. Nikafika nyumbani nikamwambia mama. Sindano ikasimama mkononi.

"Amekutuma?"

"Hakunituma. Nimesikia."

"Basi," akasema. Lakini jioni ile aliufagia ua mara mbili, akautoa mkeka mzuri akauanika, na kwa siku nyingi ulikaa sebuleni umetandikwa ukimngoja mzee wa kutumwa. Akisikia nyayo nje aliinua kichwa. Zilikuwa nyayo za wauza maji.

Nikaenda mwenyewe. Mkaza mjomba, mkewe, alinipokea mlangoni kwa uso wa baridi ambao sikuuzoea, akanipeleka ndani bila ya kuniambia karibu. Mjomba alikuwa amebaki mifupa. Nikamwamkia, nikamshika mkono. Akapumua kwanza, akakusanya maneno.

"Mwambie mamako nimesikia," akasema. "Sitamsumbua tena."

"Umesikia nini, mjomba?"

Akafumba macho, kikohozi kikamkamata, mkewe akaniashiria nitoke. Nikaubeba ule ujumbe kama ulivyo, sikuujua uzito wake, nikaufikisha. Mama aliusikia kwa masikio yake mwenyewe, yaliyokuwa yamengoja neno lingine kabisa.

"Hatanisumbua?" akasema. "Hata akifa ana kiburi. Haya, asinisumbue."

Akaukunja mkeka.

Mjomba alifariki wiki ileile vijana walipokuwa wakifunga makuti ya kupambia barabarani kuungoja uhuru. Njia ya kwenda mazishini ilikuwa na bendera ndogo za karatasi, na watoto walikuwa wakiimba. Mama alifika kabla hajavikwa sanda yote. Wakamwachia nafasi, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Alisimama juu ya ule uso, na wanawake wote wakangoja aseme neno ambalo kila mtu husema pale: nimekuwia radhi, nenda salama. Hakulisema. Kiapo kilikuwa kimemkaba. Alilia bila sauti mpaka buibui likalowa kifuani, na jeneza likaondoka.

Siku ya tatu tulikwenda kumpa mkono mkaza mjomba. Alikuwa ameshakaa eda, katika chumba kidogo, amejifunga nguo nyeupe. Watu walipopungua akamgeukia mama.

"Wifi yangu, mimi nimeshafiwa, sina ninaloliogopa sasa. Nakuuliza. Kama hukutaka pesa zake, si ungezirejesha kwa mkono wa mtoto? Kulikuwa na haja gani kumtupia baharini mbele ya makuli?"

Mama akasema, "Pesa zipi?"

Ndani ya chumba kile sikumbuki kingine ila harufu ya ubani na mkono wa mama uliokuwa juu ya goti langu. Mkaza mjomba alidhani anadhihakiwa. Alisema kwa ukali, kisha taratibu alipoona nyuso zetu akasema kwa kusitasita, na mwisho alikuwa akinong'ona. Mjomba alikuwa akizidondosha pale jiweni alfajiri akienda kazini kabla sijapita, siku za Alhamisi, kwa kuwa alijua nitakaa. Chake hakingeingia kwetu kwa mlango, basi akaona kitaingia kama riziki ya kuokota. Alikuwa akirudi jioni akimsimulia mkewe jinsi nilivyocheka. Ile noti aliichanga muda mrefu. Alisema, dada akiila hii, moyo wake utakuwa umelainika, na hapo ndipo nitakapotuma mtu mzima. Alikuwa ameshamchagua mzee wa kumtuma, ameshazungumza naye.

"Siku ile akarudi mapema," akasema mkaza mjomba. "Akanambia, dada amenijibu. Mbele ya watu wote amenijibu. Nikamwambia tuma mtu hata hivyo. Akasema, nitamsumbuaje mtu aloniambia usinijie?"

Mama akauliza kitu ambacho mkaza mjomba hakukielewa, nami nilikielewa. Aliuliza, "Na ile halwa?" Nikamwambia ndiyo, mama, na ile halwa. Akatikisa kichwa.

Nimejiuliza mara nyingi nani wa kulaumiwa, na jibu langu hubadilika kwa kadiri ya hasira ya siku ile. Mara humlaumu mjomba: mtu aliyezaliwa Likoni, aliyekatazwa vya njia panda kama sisi, alidhani nini alipoweka pesa chini ya jiwe mahali kama pale? Nadhani aliliona jiwe langu tu. Njia hakuiona. Mara nyingine nawalaumu wale majirani na majembe yao. Mama simlaumu. Alimpenda ndugu yake akamwogopea mwanawe, na siku ile kwenye feri uoga ulifika kwanza.

Wiki ile ile mama alikwenda kwa mwalimu wa chuo, nami nikamfuata. Hakuwahi kumuuliza mtu habari ya kiapo chake. Nadhani aliogopa kuambiwa hakina mlango wa kutokea. Akakaa nyuma ya pazia akauliza, kama mtu ameapa kwa msahafu asiseme na ndugu yake, afanyeje?

"Kiapo cha kukata udugu hakishikwi, mama," mwalimu akasema. "Mwenye uwezo hulisha maskini kumi. Asiyekuwa nao hufunga siku tatu. Kisha akasema na nduguye."

"Siku tatu?"

"Tatu tu."

"Na kama nduguye ameshakufa?"

Mwalimu akamwambia afunge, Mngu ni mwingi wa kusamehe.

Tulirudi polepole, mama akiegemea mkono wangu. Karibu na nyumbani akasimama. "Siku tatu," akasema. "Nami nafunga Ramadhani nzima tangu sijavunja ungo."

Akafunga. Siku ya tatu jua lilipotua akafungua kwa maji na tende, akasali, kisha akaenda akakaa kizingitini akitazama njia. Nilikuwa jikoni naupuliza moto. Nikamsikia akimwita mjomba, kwa lile jina alilokuwa akimwita alipokuwa akimbeba mgongoni, kwa sauti ya juu, kama unavyomwita mtoto anayecheza mbali arudi ndani. Akangoja. Akaita tena. Sikuweza kustahimili kusikia jina lile likikaa bila jibu, nikaitika mimi.

"Abee, mama."

"Si wewe," akasema. "Wewe nyamaza."